Shetani Mwenye Sura ya Mama Mkwe

Jina la Bi Subira alipewa na wateja wa idara ya maji. Kwa miaka mingi alikaa kwenye dawati la malalamiko akiwaambia watu wenye mabomba makavu kwamba tatizo linafahamika, mafundi wako njiani, na kinachotakiwa kwa sasa ni subira tu. Mtu aliingia amefura, akatoka ametulia, na alipofika getini ndipo alipoanza kujiuliza ameahidiwa nini hasa. Hicho ndicho kilikuwa kipaji chake, na hakujua kwamba kina matumizi mengine mpaka alipokutana na karata za taroti.

Alikutana nazo kwenye simu. Kulikuwa na mwanamke mmoja mwenye pete kila kidole, ambaye alipanga karata juu ya kitambaa cheusi na kuwasomea watu mambo yao yajayo. "Kuna mabadiliko yanakuja," yule mwanamke alisema. "Usiyaharakishe." Bi Subira akamsikiliza kwa sikio la mtu wa kazi, akaona haya ni yale yale anayoyasema yeye kila siku. Tofauti ilikuwa pete.

Akaagiza karata. Zilipofika, zilijaa wafalme wa kale wenye ndevu za manjano, wapanda farasi waliovaa chuma, na mzee mmoja aliyesimama kwenye theluji ameshika taa. Mteja wa kwanza alikuwa wifi yake, mdogo wa mumewe, ambaye aliziangalia moja moja kama anayetambua maiti.

"Hawa ni akina nani?" wifi aliuliza.

"Ni alama tu, wifi."

"Sasa watu nisiowajua watanijuaje mimi?"

Bi Subira akazikusanya karata, akazirudisha kwenye boksi lake. Wiki hiyo hiyo akaamua kutengeneza karata zake mwenyewe, humo humo ndani, kwenye meza ya kulia.

Kuchora hakujua. Alichokuwa nacho ni kompyuta ya ofisi aliyoiazima akasahau kuirudisha, mashine ya kuchapa iliyonunuliwa kwa ajili ya kazi za shule za watoto, na simu iliyojaa picha za ukoo mzima. Alikata vichwa vya ndugu kwenye picha za sherehe, akavibandika kwenye miili mingine, akaongeza taji hapa na mabawa pale. Karata kubwa ni ishirini na mbili. Zile ndogo, ambazo ni nyingi zaidi, aliziacha, akisema siri za watu wa mtaa huu hazihitaji wino wote huo.

Mumewe alikuwa mwalimu wa udereva. Aliposikia kuna karata inayoitwa Gari alijua ni yake, hata akamletea picha: yeye na miwani ya jua, kiwiko nje ya dirisha. Bi Subira akampa ya Aliyening'inizwa. Alimgeuza kichwa chini miguu juu, akamfunga mguu mmoja kwenye fremu ya mlango, akamwachia uso wake ule ule mtulivu anaokuwa nao kila anapoulizwa kitasa cha choo kitatengenezwa lini.

"Huyu ni mimi?" mume aliuliza.

"Ni karata nzuri sana hiyo. Maana yake mtu anayetazama mambo kwa jicho jingine."

"Na Gari umempa nani?"

"Kwenye Gari nimeweka gari."

Mume akaitazama tena picha yake, akainamisha kichwa ili ajione wima, kisha akaenda zake kufundisha watu kurudi nyuma.

Wifi akawa Jua, kwa sababu ana uso wa mviringo na huingia kila chumba bila kubisha hodi. Mkuu wa idara ya maji akawa Mpumbavu, anatembea kuelekea shimoni amekumbatia mafaili. Mnara ulikuwa ghorofa la jirani, lile ambalo fundi wake alibania nondo. Yeye mwenyewe akajipa Malkia, na picha hiyo ilimlia muda kuliko nyingine zote. Alijipunguza kiuno, akajirefusha shingo, akajifuta mikunjo ya uso mpaka pua nayo ikaanza kupotea, ikabidi airudishe kidogo.

Akabaki Shetani. Hapa hakuhitaji kuumiza kichwa. Alikuwa na picha ya mama mkwe aliyopigwa siku alipokuja kuwatembelea, yuko jikoni, ameinua sufuria kwenye mwanga wa dirisha akitafuta masizi. Bi Subira akaondoa sufuria, akaweka mwenge. Akaongeza pembe mbili, si kubwa. Miguuni akafunga kwa minyororo watu wawili wadogo, mume na mke. Alipomaliza akaitazama kazi yake, akacheka peke yake hadi akafuta machozi. Mama mkwe anaishi mbali, alijiambia, na taroti haijui hata kwa kuisikia.

Kuchapa kukawa na vituko vyake. Karatasi ngumu ilikwama, mashine ikalalamika, ikatoa Mauti mwenye mistari ya kijani. Hata hivyo upande wa mbele ulitoka. Balaa lilikuwa mgongoni. Alichagua pambo la nyota ndani ya fremu, lakini kila alipogeuza karatasi na kuirudisha kwenye mashine, pambo liliangukia pengine: karata hii imeegemea kushoto, ile imepinda, nyingine imekatwa nyota. Akazikata hivyo hivyo, akaviringisha pembe zake kwa mkasi wa kucha, akazitia plastiki kwa kuzipiga pasi juu ya taulo.

Alipoanza kuzichanganya ndipo alipong'amua. Kwa kutazama mgongo tu, alijua hii ni ipi na ile ni ipi. Mnara ulikuwa umepinda, Shetani hakuwa na nyota ya juu. Mtu mwingine angezitupa na kuanza upya. Bi Subira alizifunga kwenye kitambaa cheusi, akamshukuru Mungu.

Kuanzia hapo sebule ikawa haina nafasi. Walikuja wafanyakazi wenzake, wakaja majirani, wakaja majirani wa majirani. Kila mtu alitokewa na karata aliyostahili kwa maoni ya mwenye nyumba. Jirani aliyekuwa ameazima ngazi na kukaa nayo alitokewa na Haki kila alipokuja, na kila mara Bi Subira alitikisa kichwa kwa huzuni, akasema kuna kitu kirefu kinazuia baraka zake. Ngazi ikarudi, tena imepakwa rangi mpya.

Kisha wifi akaja na habari kwamba ameposwa.

Mchumba alikuwa mhamasishaji. Kazi yake ni kusimama kwenye kumbi, kipaza sauti kimebandikwa shavuni, akiwaambia watu wenye njaa kwamba njaa ni mtazamo. Bi Subira alimchukia tangu siku ya kwanza, pengine kwa sababu alimwelewa. Kwa hiyo wifi alipoomba asomewe kuhusu ndoa, Bi Subira alipiga moyo konde, akachanganya karata, akazipanga mbele yake zile tatu mbaya kuliko zote.

"Mnara," alisema kwa sauti nzito. "Jengo linaanguka, wifi."

Macho ya wifi yakang'aa. "Ameniambia atanijengea ghorofa. Lazima kwanza abomoe ile nyumba ya zamani."

"Ya pili ni Mauti."

"Mwisho wa upweke wangu."

Bi Subira akameza mate, akafunua ya tatu polepole. Wifi akaisogelea, akaisogelea zaidi, mpaka pua ikakaribia kugusa plastiki.

"Si mama huyu?"

"Ni mfano tu."

"Mfano gani, ni mama kabisa. Yaani mama mwenyewe ametokea. Basi amekubali." Akamkumbatia wifi yake kwa nguvu. "Nilikuwa na wasiwasi, sasa sina tena. Una mkono wa heri wewe."

Tarehe ya harusi ikavutwa karibu.

Siku chache baadaye Mhamasishaji akaja mwenyewe kushukuru. Alikaa, akakataa soda, akaomba azishike karata. Akazitandaza kifudifudi mezani, akazitazama migongo moja baada ya nyingine.

"Shemeji," alisema, "hii iliyokosa nyota ni nani?"

Bi Subira akajifanya hamnazo. Mhamasishaji akaifunua mwenyewe, akatabasamu.

"Usiogope, mimi si mtu wa kusema. Wewe unafanya kwa mkono, mimi nafanya kwa mdomo. Ila picha hizi, shemeji, picha hizi ni kitu kingine. Wewe ni msanii."

Hapo ndipo alipompata. Katika maisha yake yote Bi Subira ameitwa mengi, mengine kwa kupigiwa kelele dirishani, lakini hilo hakuwahi kuitwa. Kichwa kikamvimba. Mhamasishaji alipoomba nakala akazichapishe kwenye kiwanda cha uchapaji, aziuze kwenye semina zake kwa jina la Karata za Mafanikio, Bi Subira alimnakilia zote ishirini na mbili, hakubakisha hata moja.

Haukupita muda karata zikasambaa. Zilionekana saluni, zilionekana kwenye maduka ya simu, zikachomekwa kwenye vioo vya magari. Wanafunzi wa udereva walimtazama mwalimu wao, wakainamisha vichwa pembeni, wakacheka. Aliyependwa kuliko wote alikuwa Shetani. Watu walisema ana uso wa kweli.

Asubuhi moja mama mkwe akatokea mlangoni na begi lake, bila kupiga simu. Aliingia, akakaa, akafungua mkoba, akaweka karata mezani kwa kidole kimoja.

"Nilikuwa kwenye foleni ya benki," alisema. "Kuna binti nyuma yangu ananitazama, ananitazama. Mwisho akatoa hii, akaiweka karibu na shavu langu, akalinganisha. Akaniuliza, bibi, naomba tupige picha."

"Mama," Bi Subira alisema, na ulimi ukaenda wenyewe ulikozoea, "tatizo linafahamika."

"Lete zote."

Akaletewa zote. Mume, ambaye siku hiyo hakuwa na wanafunzi, akasimama mlangoni bila kuingia wala kutoka. Mama mkwe akavaa miwani. Alipofika kwa mwanawe aliyening'inia alicheka mpaka miwani ikamdondoka. Jua akalitambua mara moja. "Umempata. Hata akili yake ndivyo ilivyo, inawaka tu." Mpumbavu hakumfahamu, lakini alisema uso wake unafaa. Kisha akachukua Malkia, akamsogeza karibu, akamsogeza mbali.

"Na huyu nani?"

"Ni malkia tu, mama," Bi Subira alijibu kwa sauti ndogo.

"Mtu wa wapi? Mbona hana pua?" Akamgeukia mwanawe. "Wewe unamjua?"

Mume akaja, akaishika karata, akaitazama kwa muda mrefu.

"Simjui, mama," alisema, akairudisha.

Mpaka leo Bi Subira hajui kama mumewe alikuwa analipiza au alisema kweli, na hajathubutu kuuliza.

Mama mkwe akairudia karata yake mwenyewe. Bi Subira alijiandaa kusikia habari ya pembe. Haikuja.

"Umenitoa mbele ya watu wote hawa," mama mkwe alisema, "na nguo ya jikoni. Ya jikoni, mwanangu. Ningejua ningevaa ile ya bluu. Na hawa wawili wa miguuni ni nani?"

"Ni sisi, mama."

"Minyororo imelegea. Wakitaka wanajivua." Akavua miwani. "Irekebishe."

Wakati huo mlango ukagongwa. Walikuwa wasichana wawili waliotoka semina, mmoja ana jambo la kuuliza. Bi Subira akanyanyuka na kitambaa chake cheusi, lakini wasichana walikuwa wameshamwona aliyekaa kwenye kochi. Wakashikana mikono. "Ndiye," mmoja alinong'ona, na wote wawili wakampita Bi Subira kana kwamba ni pazia, wakaenda kukaa miguuni kwa mama mkwe.

Mama mkwe hakujua karata hata moja maana yake. Hakuzigusa. Alimtazama msichana usoni, kama anavyotazama sufuria.

"Huyo mwanamume uliyekuja kumuulizia," alisema, "ana simu mbili?"

Msichana akaanza kulia.

"Basi nenda nyumbani ukalale. Hakuna la kusoma hapo."

Kesho yake walikuja wengi zaidi. Mama mkwe aliyekuja kugomba hakurudi tena kwake. Alichukua chumba cha watoto, akachukua sebule, akachukua na kiti chenye mto mzuri. Mhamasishaji alipokuja kumwomba apande naye jukwaani, alimtazama vile vile mpaka jamaa akaaga na kuondoka akasahau koti. Harusi hata hivyo ilifanyika, na wifi anamwambia kila anayetaka kusikia kwamba karata zilimwahidi mapema. Ghorofa bado halijaanza. Nyumba ya zamani imeshabomolewa.

Bi Subira siku hizi hasomi. Akitoka kazini anakaa kwenye meza ya kulia na ile mashine, maana mama mkwe hazitaki karata za kiwandani, anasema zinateleza. Shetani amechapwa upya akiwa na nguo ya bluu, mara ya kwanza ikatoka nyeusi, mara ya pili zambarau. Mara ya tatu mama mkwe alikuja akasimama nyuma ya kiti, akatazama kioo cha kompyuta juu ya bega la mkwewe.

"Nguo sasa sawa," alisema. "Pembe ongeza. Hizi ni za mbuzi aliyezaliwa jana."

Bi Subira akaziongeza. Zikampendeza mama mkwe.