Mafuta Aliyomnyima Baba

Jina la Bi Wastani alipewa na baba yake mwenyewe, siku alipojaribu kumweleza kazi anayoifanya. Alimwambia kwamba ofisini kwao wanachukua mafuta yote ya kula yanayokamuliwa katika nchi za ukanda wao, wanajumlisha na yale yanayoletwa kwa meli, wanatoa yaliyouzwa nje na yaliyokwenda kutengenezea sabuni, halafu wanagawa kwa idadi ya watu. Kinachopatikana ndilo fungu la mtu mmoja kwa siku.

Baba akasikiliza mpaka mwisho. "Kwa hiyo mimi na mtoto mchanga tunapata sawasawa?"

"Kwa wastani, ndiyo."

"Kumbe huyo mchanga anajikaangia vizuri tu!"

Akacheka mpaka akatoa machozi, na tangu siku hiyo hakumwita jina lingine.

Mzee alikuwa na haki ya kutania. Ujana wake wote na utu uzima wake aliumalizia kwenye mashine ya kukamua alizeti, hata harufu ya mafuta ikawa inamtangulia mlangoni. Tena alikulia katika miaka ambayo mafuta yalikuwa kitu cha kutafutwa. Mama yake alikuwa akitia kijiko kimoja kwenye sufuria ya familia nzima. Akija mgeni, viwili. Kwa hiyo kwake yeye mboga inayong'aa ilikuwa ni heshima, ni mwenye nyumba anakwambia karibu bila kufungua mdomo.

Mke wake alikufa kwa kiharusi. Alikuwa anaanika nguo, akaanguka na shuka mkononi, na jioni ile ile wakampoteza. Baada ya msiba baba akahamia kwa binti yake, ambaye hakuwa ameolewa, kwenye nyumba ya vyumba viwili ghorofa ya tatu. Waliishi vizuri. Kwa kuwa yeye ndiye aliyeshinda nyumbani, mzee alijitwalia jiko. Bi Wastani akirudi kazini alikuwa akianza kusikia harufu ya kitunguu kilichokaangwa tangu kwenye ngazi, na majirani walishamzoea mzee kiasi cha kumuuliza wakipishana naye, "Leo tunanusa nini, baba?"

Mambo yalibadilika mwaka ule ofisi ilipotoa taarifa ya miaka mingi kwa pamoja. Kazi ya kuchora mistari ya grafu ilimwangukia Bi Wastani. Mstari wa mafuta ya wanyama ulikuwa umelala palepale kama mtu aliyeshiba. Wa mafuta ya mimea ulikuwa unapanda, unapanda, na sehemu kubwa ya kupanda huko ilitokana na mafuta ya bei rahisi yaliyoletwa kutoka nje. Kwenye kikao watu walimpigia makofi. Yeye alikuwa anautazama ule mstari ukutani na kumwona mama yake ameshika shuka.

Jioni hiyo alipofika nyumbani aliingia jikoni moja kwa moja, akachukua dumu la mafuta, akalishusha chini na kumpa mlinzi wa jengo.

"Tumeyamaliza?" baba aliuliza alipomwona anarudi mikono mitupu.

"Tumeyaacha, baba. Kuanzia leo tunachemsha."

"Nani kasema?"

"Takwimu zinasema. Watu wanakula mafuta karibu mara mbili ya zamani. Ndiyo yanayotumaliza."

"Mara mbili ya zamani!" Mzee akaguna. "Mwanangu, zamani hiyo mimi nilikuwepo. Ukizidisha kijiko cha mama yangu mara mbili, bado hujakaanga yai."

"Baba, tafadhali. Nimeshamzika mama."

Mzee angeweza kubishana na takwimu mpaka kesho, lakini si na kaburi la mkewe. "Sawa, mama," akasema. "Nyumba ni yako."

Neno hilo la mwisho Bi Wastani alilisikia, akalipuuza.

Basi wakala maharage ya kuchemsha, mchicha wa kuchemsha, viazi vya kuchemsha. Baba aliacha kupika. Alisema maji yanajua kuchemka yenyewe. Mezani alichukua vijiko vichache, akashukuru, akasogeza sahani. Binti yake aliona amekuwa msikivu, akafurahi.

Wifi yake, mke wa kaka yake mkubwa, alipokuja kuwasalimia, alimvuta jikoni. "Wifi, baba amekonda. Shati linamning'inia kama limetundikwa msumarini."

"Afadhali, wifi. Moyo unapumzika."

"Moyo unapumzika au yeye ndiye anayekwisha?"

Bi Wastani alikasirika. Alimjibu kwamba haya mambo ndiyo yeye anayoyafanyia kazi. Tangu siku hiyo wifi akapunguza kuja.

Haikupita muda, mzee akapata kizunguzungu kwenye ngazi, akaanguka na kuvunjika mkono. Hospitali wakamfunga plasta, kisha daktari akampima uzito, akampima presha, akachukua damu. Majibu yalipotoka alimwita binti kando.

"Presha yake ni ya kijana. Mafuta kwenye damu hayana shida. Huyu mzee ana njaa. Anakula nini nyumbani?"

Bi Wastani akaeleza.

"Nani alimkataza mafuta?"

"Mimi."

"Alipimwa kwanza?"

Alikuwa amepima ukanda mzima, nchi moja baada ya nyingine. "Hapana," akasema.

Daktari hakumgombeza. Alimwambia tu kwamba mtu wa umri ule mwenye hamu ndogo ya kula anahitaji chakula chenye nguvu, mafuta yakiwemo, na akamwita mgonjwa mwingine.

Kaka yake alikuja hospitali na teksi, akamchukua baba kwenda kwake. Hakusema neno baya. Alisema tu kwamba kule kuna mtu anayeshinda nyumbani.

Kazini, kwenye taarifa ya mwaka uliofuata, Bi Wastani aliongeza sentensi kwamba hesabu hizi zinaonyesha mafuta yaliyopo, wala hazionyeshi nani amekula na nani amekosa. Mkuu wa kitengo akasema jambo hilo kila mtu analijua, akaifuta. Bi Wastani hakubisha. Yeye mwenyewe alikuwa akilijua tangu chuoni.

Jumapili alikwenda kwa kaka yake. Mzee alikuwa amerudisha mashavu kidogo, na alimpokea kwa adabu, adabu ya kumpokea mtu wa ofisi. Hakumtania. Alimwita jina lake halisi, lile la cheti cha kuzaliwa, likamchoma kuliko tusi.

Wifi akaleta wali na mboga iliyokaangwa, akamwekea baba sahani yake mbele. Mzee alichukua kijiko, kisha akasita, akamgeukia binti yake.

"Hii naruhusiwa?"

Hakuwa anatania. Alikuwa anauliza.

"Kula, baba," akasema. "Kula tu, jamani."

Mzee akaitikia kwa kichwa, akaanza kula polepole, akimtazama kila baada ya kijiko ili aone kama hajabadilisha mawazo.