Bamba Lenye Upenyo

Naima hakuwa mtu wa kubabaika. Miaka kumi na miwili akinunua chuma chakavu pale Uyole, alishaona kila aina ya takataka. Lakini bamba aliloletewa asubuhi ile na mzee Andendekisye lilimnyima utulivu: nene, limejaa ribiti, zile pini za kuunganishia chuma, na katikati lina upenyo mwembamba wa kuchungulia.

"Baba alisema ni mlango wa kifaru," mzee alisema. "Cha vita ya Mjerumani. Nimelifukua shambani."

Naima akalipiga picha, akamtumia Kartik, mwalimu wa historia aliyeko Iringa. Papo hapo simu ikaita.

"Vifaru vya kwanza vilipigana Ulaya, dada, huku havikufika. Hilo huenda ni la gari la deraya, lile la kivita lenye kuta za chuma. Usilikate! Muulize mzee, alilikuta na nini kingine?"

Mzee akakuna kidevu. "Si kile kichupa cha chuma chenye ncha? Nilikuletea Jumanne."

Naima akakikumbuka: kilikuwa na umbo la kombora. Mzigo wote wa wiki ulikuwa ndani ya Fuso, lori la dereva wake Zubery, lililoondoka alfajiri kwenda Iringa. Akapiga simu. Haikupokelewa. Akaketi, akainuka, akapiga tena. Chai ikapoa. Kila lori lililopita lilimshtua. Saa sita ndipo Zubery alipopokea.

"Niko Kihesa, nimeshaingia Iringa, dada. Nimeegesha mlimani, nakula."

"Kuna chuma kama chupa, kina ncha..."

"Hicho? Kipo chini ya tairi, kinazuia gari. Nimekigongelea kwa nyundo, kimekaa vizuri."

"Zubery, usikiguse! Ni bomu. Ondoa watu!"

Akasikia viatu vikikimbia, kisha sauti ya Zubery: "Tokeni! Tokeni wote!"

Mzee naye alikuwa amesimama. "Mwanangu, mke wangu Juliana yuko shambani. Anachimba viazi pale pale nilipofukua."

Wakapanda bodaboda. Njia nzima Naima alikuwa akimhimiza dereva, simu kiganjani. Jua lilikuwa limepinda walipofika ukingoni mwa shamba, na Zubery akapiga.

"Polisi waliita wanajeshi; wamekichukua, wamekilipua bondeni. Kimelia, dada. Kimelia kweli."

Katikati ya matuta, Juliana aliinua jembe.

"Mama, usilishushe jembe!" Naima alipiga kelele. "Chini kuna mabomu!"

Mama yule akaliteremsha jembe polepole hadi begani. Akatazama udongo kushoto, akatazama kulia. Kisha akageuka, akarudi kwao akikanyaga nyayo zake mwenyewe, moja baada ya moja.