Nyumba ya Bi Stahamala

Mizizini ilikuwa nchi iliyopenda wageni kupita nchi zote zilizopata kunywa maji ya ardhi, na mimi ninayeisimulia naipenda kwa ila yake hiyo hiyo. Malango yake yalikuwa maelfu, membamba kama nywele, na desturi ya mabawabu wake ilikuwa kutazama kanzu ya mgeni, si uso wake, kwani kumkazia mtu macho mlangoni kulihesabiwa ujuvi. Aliyependwa kuliko wageni wote ni Rutuba, mwenye kanzu nyeupe, ambaye bila yeye hapakuwa na ua wala mbegu. Rutuba akipiga hodi, hata bawabu aliyelala aliamka akicheka.

Mkuu wa mabawabu aliitwa Karimu, naye alifungua kabla hodi haijaisha. Masikini Karimu! Hakujua kwamba katika udongo ule aliishi pia Aseniki mwenye sumu, mwana wa Hilaki, pamoja na ukoo wake mkubwa, wote wakifanana na Rutuba kwa kimo, kwa sauti na kwa kanzu. Waliingia kwa salamu njema. Wachukuzi wa Ngazi ya Maji, ambao kazi yao ni kupandisha na si kuuliza, wakawapandisha hadi Majanini, mji wa juu. Huko walivua kanzu za kuazima, wakabaki na mavazi yao meusi, wakaingia majikoni kuharibu kazi za watu.

Majanini aliishi Bi Stahamala, dada yake Karimu. Alisuka kamba zilizotiwa salfa, ambayo huinasa sumu isitoroke, akawavizia wageni wale mmoja mmoja, akawafunga mikono na miguu, akawatia katika vyumba vya nyumba yake na kukomea. Miaka ilipita, vyumba vikajaa, vidole vyake vikadhoofika kwa kushika sumu, wala hakumwambia mtu.

Mwaka mmoja wageni walizidi kamba, na watu wa Majanini wakageuka rangi ya manjano. Bwana Dhana, mkaguzi wa mji, alipekua nyumba zote. Alipofungua kwa Bi Stahamala akaona aliyoyaona, akapiga mbiu. Watu wakashika sururu, wakaapa kuibomoa nyumba ile kabla jua halijapinduka. Mwenye nyumba akateremshwa Shinani, chini ya Ngazi ya Maji, mbele ya Kadhi Insafu.

"Mheshimiwa Kadhi," alisema Dhana, "kikulacho ki nguoni mwako. Tunakufa kwa sumu, na sumu tumeikuta kwa mwanamke huyu, imejaa hadi darini. Ushahidi gani tena unatakiwa?"

"Bi Stahamala, una la kujibu?"

"Sina, Mheshimiwa. Nawasihi tu msiibomoe nyumba."

Angesemaje? Kusema kulikuwa kumtaja aliyefungua mlango, naye alikuwa amesimama pale pale na funguo zake, akimlilia dada yake.

Kadhi akamgeukia Dhana. "Uliwakuta wakifanya nini?"

"Hawakufanya neno, Mheshimiwa. Walikuwa wamefungwa."

"Na milango ilikomewa kwa ndani au kwa nje?"

"Kwa nje," alijibu Dhana, na uso ukamsawijika, maana alikuwa mwepesi wa kushuku lakini hakuwa mwongo.

"Basi huyu si mfuga sumu, ni mlinzi wa gereza, nanyi mlikuwa mkienda kuwafungulia wafungwa. Lakini waliingilia wapi?"

Karimu alizitazama funguo zake.

"Kwangu," alisema. "Wote niliwaambia karibuni. Dada, kwa nini hukuniambia?"

"Ulikuwa ukifungua kwa furaha mno, kaka. Niliona afadhali nichoke mimi kuliko wewe uanze kuwaogopa wageni."

Kadhi akaamuru kwamba, kwa kuwa macho hayawezi kumtenga Aseniki na Rutuba, malango yapunguzwe: ghala la Rutuba likitosha, nusu ya malango hayo yafungwe. Karimu aliyafunga mwenyewe, lango moja baada ya jingine, kwa moyo mzito. Dhana alitupa sururu, akaomba afundishwe kusuka.

Kisha wananchi, kwa aibu na kwa mapenzi, wakamtunukia Bi Stahamala heshima kuu ya nchi yao: siku atakapokufa, azikwe katikati ya shamba ili arutubishe vizazi vijavyo. Aliwashukuru, akakataa.

"Mkinizika hapa mtakuwa mmewarudisha wafungwa wangu wote malangoni," alisema. "Nibebeni pamoja na nyumba yangu, mnipeleke mbali, kwenye majabali yasiyolimwa, wala mtu asije kuchuma chochote juu yangu."

"Na nani atakuzuru huko?" aliuliza Karimu.

"Hakuna, kaka. Nizuru sasa, ningali hai."

Kesho yake Karimu aliwaachia wenzake zamu, akapanda Ngazi ya Maji kwa mara ya kwanza maishani mwake, akipumzika kila hatua kumi na kuyalaumu magoti yake. Alipofika juu, dada yake alikuwa ameshatandika mkeka.