Taa Nyekundu ya Oveni

Je, mtu humwambiaje mjomba wake, mbele ya wageni walioketi kwenye viti vya kukodi, kwamba oveni aliyoileta kwa mbwembwe haiwezi kuoka hata skonzi moja? Swali hilo lilinikaba tangu saa moja asubuhi, niliposoma kibati kilichobandikwa nyuma yake: volti mia tatu na themanini. Ukutani pa chumba ambamo mama huokea mikate palikuwa na soketi moja tu, ya volti mia mbili na ishirini, ambayo hata ikichomekwa pasi huhema.

"Volti zikipungua kiasi hiki, joto litashuka hadi theluthi moja," nilimweleza fundi umeme, ambaye mtaa mzima humwita Cheche.

"Dada msomi, umeme ni umeme," alijibu, huku akifunga plagi ya kawaida kwenye waya mnene kama kifundo cha mkono wangu. "Itazoea."

Alichomeka. Taa nyekundu ikawaka. Mjomba, mwenyekiti wa kamati ya maendeleo ya mtaa, akapiga makofi peke yake.

"Umeona? Inafanya kazi!"

"Mjomba, inayofanya kazi ni taa."

"Chuo kimekuharibu, mpwa wangu. Mgeni rasmi haji kula. Anakuja kuona."

Kwenye ratiba aliyoiandika kwa mkono wake, mgeni rasmi angebonyeza kitufe, kisha angepiga nyundo ya kwanza ya kulibomoa tanuri la mama la matofali. Mjomba aliliita "alama ya ushamba". Tanuri hilo ndilo lililotulisha na kunisomesha kwa miaka kumi na sita. Mama alikuwa akikanda unga tangu alfajiri, akaendelea kukanda.

Mgeni rasmi alifika saa nne, akabonyeza, vigelegele vikapigwa. Trei ya mikate ikaingizwa. Hotuba ya mjomba ilichukua dakika arobaini, muda unaotosha mkate kuiva na mwingine kuungua. Mlango ulipofunguliwa, mikate ilikuwa imeumuka vizuri ajabu, myeupe pe, na mibichi. Mgeni rasmi aliugusa mmoja; kidole kikazama hadi kwenye pete.

"Hii ndiyo teknolojia, mheshimiwa," mjomba aliharakisha kusema. "Mkate hauungui."

"Kweli, hauungui," mgeni rasmi alikubali, akijifuta kidole kwa leso. "Haya, nyundo iko wapi?"

Mama alinitazama mimi, si kaka yake. Unga ulikuwa umempanda hadi kwenye viwiko. Tangu asubuhi nilikuwa nikitafuta namna ya kulisema jambo hili bila mtu yeyote kuaibika, na namna hiyo haikuwepo.

Nikachomoa plagi. Taa ikazimika. Nikaenda kusimama mbele ya tanuri la matofali, na mgongo wangu ukapokea joto: mama alikuwa ameuwasha moto kimyakimya, kama siku zote.

"Shikamoo, mheshimiwa," nilisema. "Oveni hii inataka umeme ambao nyumba hii haina. Siku umeme huo utakapovutwa hapa, tutaiwasha. Mpaka siku hiyo, haichomekwi tena, na tanuri hili halibomolewi. Mjomba, nipe hiyo nyundo. Mama, lete trei."