Mwenyeji Hakuwepo

Mwalimu Wiliam, katekista wetu, alifungua daftari langu juu ya jeneza, kwa sababu hapakuwa na mahali pengine pa kuliweka. Meza ndogo ya pale uani ilikuwa na mshumaa uliochomekwa kwenye chupa ya bia, na benchi la pekee walikuwa wamelikalia wachimbaji wanne wenye udongo hadi masikioni, watu waliokuwa wamefukua kifusi siku mbili kumtoa mwenzao. Katekista akalamba kidole, akafunua kurasa, akasoma kwa sauti ile ile anayosomea matangazo ya Dominika. Juni, zamu ya Marwa, mwenyeji hakuwepo. Julai, zamu ya Marwa, mwenyeji hakuwepo. Agosti, mwenyeji hakuwepo.

Mwandiko ulikuwa wangu. Mzuri kweli, hata leo sijapata kuona wa kuushinda. Ndio uliofanya nichaguliwe katibu.

Mwaka ule nilikuwa na miaka ishirini. Nilikuwa nimemaliza kidato cha sita, na wakati wenzangu wakisubiri vyuo, mimi nilisubiri barua. Nilitaka kuwa sista. Sista wa miito alikuja parokiani kwetu mwezi wa tano, akatuambia atarudi Septemba, na kila msichana amwoneshe barua ya mwenyekiti wa jumuiya yake inayoeleza ni mtu wa tabia gani. Basi nikajipa kazi ya kuwa na tabia. Nilivaa sketi hadi kwenye vifundo, nikaacha kucheka barabarani, nikawa naamka kusali kabla ya jogoo wa jirani. Ningekutana leo na yule Apolonia niliyekuwa, ningempita bila kumsalimia.

Lakini sitasema uongo mwingine juu ya kiangazi kile: nilikipenda. Kigango chetu pale Segese kilikuwa kinajenga kanisa, na kila jumuiya ilipangiwa kufyatua matofali yake. Sisi wa Jumuiya ya Mtakatifu Monika tulikuwa wengi akina mama na wazee. Kila Jumamosi saa moja asubuhi tulisali nyumbani kwa mmoja wetu, kwa zamu, kisha tukateremka lamboni na majembe na ndoo. Mama Boaz, mwenyekiti wetu, alisalimia kila mtu kwa Kisukuma, mwangaluka, mwangaluka, kisha anaingia kwenye udongo na kuukanyaga, gauni limefungwa kiunoni, huku akianzisha Rozari. Tulikuwa tunakanyaga kwa mwendo wa Salamu Maria. Tope linapanda hadi magotini, jua linapanda nalo, na mimi niliyekuwa nasali tangu utotoni kwa mdomo tu, nikahisi kwa mara ya kwanza sala inashuka mwilini na kufanya kazi. Nililia siku ya kwanza, nikasingizia jasho.

Marwa alitokea Jumamosi ya tatu. Alikuwa mtu wa Tarime, miaka thelathini na kitu, amevaa buti zilizokatwa juu, na alikuja moja kwa moja kutoka machimboni bila hata kunawa. Hakujieleza. Alichukua kibao cha kufyatulia, akakilowesha, akaanza. Tofali lake halikupinda wala kupasuka, na kwa muda ambao Mzee Bujiku alifyatua kumi, yeye alishafika thelathini. Kwenye sala ya asubuhi hakuweza kuja kwa sababu zamu yake ya duarani, yaani kule shimoni, ilimtoa saa mbili. Ila lamboni hakukosa.

Alinisubiri siku moja nikiwa naosha ndoo.

"Katibu," alisema, ingawa ningeweza kuwa mdogo wake wa mwisho, "na mimi nipangie zamu. Mje msali kwangu."

Nikamwambia zamu ni kwa wanaosali na jumuiya. Akasema siku hiyo ataomba mwenzake amshikie nafasi kule shimoni. Akafuta kibao kwa kiganja.

"Mwezi uliopita tulimzika mtu kule juu. Tulikuwa tunamwita Mrefu. Hatukujua jina lake, hatukujua dhehebu lake, tukamfukia tu. Mimi nimebatizwa, nimepata na kipaimara. Nataka siku ikinikuta, atokee mtu aseme huyu ni wetu."

Nikamwandika. Kosa halikuwa hapo. Kosa lilianza akina mama walipouliza Marwa anakaa wapi, nami nikawaambia anapanga kwenye ua ulio nyuma ya baa, pale anapopika Bi Mwamvua. Bi Mwamvua alikuwa Mwislamu wa Ujiji, mama wa makamo aliyewauzia wachimbaji wali na maharage, na yeye hakuwa na neno. Vyumba vingine vya ua ule ndivyo vilivyokuwa na neno, kwa sababu wahudumu wa baa ndio waliovipanga. Mama Boaz hakukataa kwenda. Alisema tu kwamba pale pana mambo, na kwamba msichana anayesubiri barua aangalie anapoonekana akiingia. Alisema kwa upendo, naamini.

Kwa hiyo mwezi wa sita nikamwambia Marwa zamu yake imesogezwa mbele, tukasali kwetu. Daftari la jumuiya lilikuwa na nafasi ya kuandika sababu kama sala haikufanyika kwa mwenye zamu. Sababu ya kweli haikuandikika. Nikaandika mwenyeji hakuwepo, maneno mawili mepesi. Julai nikarudia. Marwa mara zote alijibu, "Sawa, Katibu," akaendelea kufyatua. Nilijua vizuri kanuni yetu kwamba mwenye kukosekana kwenye zamu yake mara tatu bila taarifa hahesabiwi tena mwanajumuiya, kwa sababu mimi ndiye niliyeinakili kwenye karatasi ya manila, kwa kalamu ya rangi mbili.

Agosti nikamwahidi kwa mdomo wangu. Nilimwambia tunakuja, aandae. Akina mama wakakubali kwa shingo upande, na asubuhi ile wakasimama kwenye njia panda, mitandio yao ya baridi mabegani, wakinisubiri. Ilikuwa kawaida yetu katibu atangulie kuona kama mwenyeji yuko tayari, ndipo wengine waitwe.

Nilifika kwenye lango la ua. Lilikuwa wazi. Ua ulikuwa umefagiliwa mpaka michirizi ya ufagio ilionekana, na Bi Mwamvua alikuwa ametandika mikeka yake mwenyewe, ile anayoswalia na mingine miwili. Birika kubwa lilikuwa jikoni. Kulikuwa na meza ndogo yenye kitambaa cheupe na msalaba wa mbao, na mbele ya msalaba maua mekundu ya uani, yametiwa ndani ya chupa ya bia. Marwa alikuwa amenipa mgongo, ameoga, amevaa shati jeupe lenye mikunjo ya dukani, anajaribu kuisimamisha meza isiyumbe. Upande wa pili, msichana mmoja wa baa, Paskalina, tuliyesoma naye darasa la nne, alikuwa anafua. Akainua kichwa, akatabasamu, akaniita kwa jina.

Ile chupa ndiyo niliyoisingizia. Nilijiambia huwezi kuweka chupa ya bia mbele ya Bwana. Ukweli ni kwamba nilimwona Paskalina akinitabasamia kama mwenzake, na nikaiona barua yangu. Nikageuka.

Kwenye njia panda nikawaambia hayupo, ameshuka duarani. Mama Boaz akasema haya, twendeni kwangu. Alionekana kupumua. Tukasali vizuri sana siku ile. Somo lilihusu mgeni na mlango, na mimi ndiye niliyelisoma.

Mchana, tukiwa lamboni, Marwa akaja. Alikuwa ameshavua shati jeupe. Mama Boaz akamuuliza, mbele ya watu wote, mbona tumemfuata na hatukumkuta. Nilikuwa nimeshika ndoo ya maji. Marwa akanitazama, si kwa muda mrefu.

"Nilipitiwa, mama," akasema. "Mnisamehe."

Akachukua kibao. Nikamshukuru Mungu kwamba ameniokoa, na hiyo ndiyo iliyokuwa sala yangu ya kweli pekee kwa siku nzima.

Wiki tatu baadaye duara lilititia na kumfunika.

Ndipo tukawa pale uani, mimi na jumuiya yangu na kwaya iliyokuwa imekuja na vitabu vyake, Mwalimu Wiliam amemaliza kusoma. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mzee wa taratibu, na taratibu zilikuwa ndizo alizobaki nazo baada ya miaka thelathini ya kuzunguka vigango kwa baiskeli. Alisema bila jumuiya kumtambua marehemu, yeye hawezi kumwendeshea ibada ya mazishi. Mama Boaz akaanza kusema kwamba matofali amefyatua mengi. Katekista akanigeukia.

"Katibu, ndivyo ilivyokuwa?"

Sista alikuwa anakuja Jumapili. Barua ilikuwa tayari imeandikwa, nilishaiona, imekunjwa ndani ya Biblia ya Mama Boaz. Jeneza lilikuwa la mbao mbichi, lilinukia. Bi Mwamvua alikuwa amesimama karibu na birika lake, ananitazama machoni, wala hapepesi. Nilikuwa na nafasi. Watu husema jambo lilitokea ghafla, hawakupata muda wa kufikiri. Mimi muda niliupata.

"Ndivyo, Mwalimu."

Akafunga daftari. Bi Mwamvua akajifunga kanga upya kiunoni, akauliza taratibu, bila kumlenga mtu, "Kwa hiyo huyu wenu tumzike sisi?"

Wakamzika wao. Majirani zake Waislamu walichimba kaburi, wachimbaji wakabeba, akina Paskalina wakalia. Sisi tulisimama nyuma, kama watu waliokuwa wanapita njia. Ilipofika wakati wa kusali, mchimbaji mmoja aitwaye Fredy, Mlutheri, akasema Marwa alikuwa na sala yake ya kila siku wakati wa kushuka shimoni, na kwamba atajaribu kuisema. Akaanza Salamu Maria. Akafika kwenye "umebarikiwa kuliko wanawake wote" akakwama. Akarudia. Akakwama tena pale pale. Aligeuka kuangalia upande wetu, macho mekundu, anaomba mtu amsaidie. Nilikuwa nimekanyaga udongo wa kiangazi kizima kwa sala hiyo. Nikatazama chini hadi aliposema amina.

Sikwenda utawani. Barua ilisema mimi ni mkweli na mcha Mungu. Ninayo bado, ndani ya sanduku, sikuwahi kumpa mtu. Sasa nafundisha shule ya msingi huku Buseresere, na Jumamosi nasali na jumuiya ya mtaa wangu. Wameniomba ukatibu mara mbili, nimekataa. Kanisa la Segese lilikamilika, likapigwa lipu na kupakwa rangi ya maziwa, kwa hiyo hakuna anayeweza kuonesha tofali lipi ni la nani. Mimi nikiingia nakaa ukuta wa kushoto, maana matofali yetu yalianzia huko. Imani sikuipoteza, watu wakiniuliza. Ilibaki, na inaniuma, na sijui kama ni hii tuliyokuwa tunaomba ikue.

Niliungama mwishoni mwa Septemba. Padri alinisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza nani aliyeumizwa, nikasema amekufa. Akasema basi nenda kwa waliobaki naye, uwaambie kama ulivyoniambia mimi. Nilitamani anipe Rozari hamsini.

Bi Mwamvua alikuwa anachambua mchele. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akanisogezea kigoda. Nikamweleza yote, Juni, Julai, na ile asubuhi ya Agosti, jinsi nilivyofika langoni na kugeuka. Hakuacha kuchambua.

"Najua," akasema. "Nilikuona."

Nikashindwa kumwangalia.

"Na yeye alikuona. Aligeuka pale mezani, ukawa ndiyo unaondoka. Nikataka kukuita. Akanikataza, akasema mwache, amekwenda kuwaita wenzake." Akatoa jiwe kwenye mchele, akalitupa. "Tukakaa. Chai nilipasha mara tatu. Saa sita akavua shati, akalikunja, akasema anakwenda kufyatua matofali."