Wimbo Mmoja Tu

Mpiga drams wa bendi aliumwa ghafla. Kiongozi wa bendi akakubali shingo upande nafasi ishikwe na binti wa kaka yake, msichana fundi cherehani aliyemwita baba mdogo.

"Wimbo mmoja tu," alimwambia ukumbi mzima ukisikia. "Drams si cherehani."

Binti akameza hasira, akashika vijiti. Kwenye bendi ile wimbo hauishi mpaka mpiga drams agonge matoazi mara tatu. Yeye hakuyagonga. Watu walicheza mpaka wakavua viatu. Mpiga gitaa alikatikiwa waya, akaenda kuubadilisha, akarudi akaukuta wimbo uleule.

"Malizia basi, mwanangu," baba mdogo alinong'ona, shati limemganda mgongoni.

"Umenipa mmoja, baba mdogo," alijibu bila kupunguza mwendo. "Bado sijaumaliza."