Bata Waliosahau Kuelea

Kokoto hakuwa mwoga. Alikuwa mkandarasi wa majengo, mtu mnene mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya barabara, na alipanda majukwaa ya mbao hata mvua ikinyesha. Wenye malori ya mchanga walimheshimu, wakaguzi wa majengo walimzoea. Jina la Kokoto lilimkaa hata mkewe akawa analitumia, na jina alilopewa na wazazi likabaki kwenye vyeti tu.

Mtu pekee aliyemnyima raha alikuwa shemeji yake, dada mdogo wa mkewe, wakala wa bima.

Shemeji huyu alikuwa mpole wa maneno, tena mwembamba kama uzi, lakini akikushika hakuachii. Kila familia ilipokutana kula, alikuwa akisubiri Kokoto ashibe, kisha anamsogelea na kiti chake.

"Shemeji, hivi ukichimba msingi ukatoboa kitu kibaya, utafanyaje?"

"Nikitoboa dhahabu nitakuita."

"Na yakiwa mafuta? Au sumu ya kiwanda cha zamani? Bima yako ya kawaida inasema wazi kwamba mambo ya uchafuzi hayamo. Jirani akiharibikiwa kisima, utamlipa kwa mfuko wako."

"Wewe unauza woga," Kokoto alikuwa akisema, na wakwe wanacheka, maana utani wa mtu na shemeji yake hauna kosa. Naye huongeza kwamba amechimba misingi tangu shemeji yuko darasa la kwanza, na hajawahi kukuta chini ya ardhi kitu kingine ila ardhi.

Hatimaye akaikata hiyo bima, lakini si kwa kupenda. Daktari mmoja alimpa kazi ya kujenga zahanati, akakataa kusaini mkataba mpaka aone bima ya uchafuzi wa mazingira. Kokoto akaenda ofisini kwa shemeji yake uso umekunjamana kama aliyeng'atwa na nyigu, akasaini bila kusoma, akasema, "Hii ni ya kumridhisha daktari. Mimi na wewe hatutaizungumzia tena."

"Sawa, shemeji," alisema yule dada, na alitabasamu kidogo sana. Tabasamu hilo ndilo lililomkera Kokoto njia nzima ya kurudi.

Kiwanja cha zahanati kilipakana na nyumba ya mjane aliyefuga bata. Mtaa mzima ulimwita Mama Bata. Walikuwa bata weupe, wanono, wenye majivuno, wanaotembea kama wageni rasmi, na nyuma ya nyumba alikuwa na bwawa dogo walimoogelea. Mayai yao yalimsomeshea watoto. Mtaro wa zamani ulitoka kiwanjani, ukapita chini ya uzio, ukaishia kwenye bwawa hilo. Kokoto aliuona mtaro ule siku ya kwanza, akasema ataufukia baadaye.

Asubuhi moja kijiko, ile mashine ya kuchimbia, kilikuwa kinachimba kona ya mwisho ya msingi. Meno yake yakagonga chuma, kukasikika mlio kama wa sufuria kubwa iliyoangushwa jikoni. Dereva akavuta mkono wa mashine juu, na chini yake yakabubujika mafuta meusi. Harufu ya dizeli iliyooza ikawapanda wote puani. Zamani sana, kabla ya daktari na kabla ya Kokoto, mtu alizika tangi pale na kuondoka zake.

Msimamizi wa kazi, mzee mtulivu aliyefanya kazi na Kokoto miaka mingi, akaja mbio akasimama kando ya shimo.

"Bosi, bahati yako una ile bima. Nimpigie shemeji yako?"

Hapo ndipo Kokoto alipoona, wazi kama picha ukutani, lile tabasamu dogo. Akaona meza ya wakwe, sahani zimeshaondolewa, na yule dada anasogeza kiti.

"Usimpigie mtu yeyote," alisema. "Mwageni mchanga."

Wakamwaga mchanga. Mchanga ukajaza shimo na mafuta yakapanda juu, yakatafuta njia, nayo njia ilikuwepo. Walipotahamaki, mtaro wa zamani ulikuwa unang'aa kama kiatu kilichopigwa rangi. Kokoto akachungulia juu ya uzio. Bwawani walikuwa wanaelea bata weusi.

"Mama Bata hakuwa na bata weusi," alisema msimamizi.

"Najua."

"Yuko sokoni. Atarudi mchana."

Kokoto alivua saa yake, akaiweka mfukoni. Mtu mwingine angeketi akafikiri, lakini yeye alizoea kwamba kila tatizo lina zana yake. Akamtuma dereva dukani kununua sabuni ya kuoshea vyombo, yote iliyokuwepo. Akaamuru mapipa ya kuchanganyia zege yajazwe maji. Kisha wanaume wazima, wenye kofia ngumu na viatu vya chuma, wakaruka uzio kwenda kukamata bata.

Bata hakamatiki kirahisi, na bata mwenye mafuta hashikiki kabisa. Msimamizi alimkumbatia mmoja, akamponyoka kama sabuni bafuni. Fundi wa nondo aliumwa kidole. Kokoto mwenyewe alianguka kwenye tope kwa tumbo, akaibuka na bata dume mkononi, wanatazamana macho kwa macho, na haikujulikana nani alikuwa na hasira zaidi.

Katikati ya kuwaogesha, simu ikalia. Alikuwa mkewe. Kokoto akaibana kati ya bega na sikio, mikono imejaa povu.

"Uko wapi, baba?"

"Niko saiti, mama watoto."

Dume akalia kwa nguvu zake zote. Wenzake wakamjibu.

"Saiti gani ina bata?"

"Ni redio," alisema Kokoto.

Walikuwa wameishi pamoja muda mrefu, na mkewe alijua Kokoto akiongopa huanza kupumua kwa mdomo. "Haya, msikilize redio yenu," akasema, akakata. Kokoto hakuhitaji kuambiwa ni nani aliyefuata kupigiwa simu.

Mama Bata ndiye aliyetangulia kufika. Bata walikuwa wamerudi kuwa weupe, angalau kwa mbali, na mafundi walikuwa wamefukia mtaro na kuengua uso wa bwawa kwa ndoo. Kokoto alimlaki getini kwa salamu ndefu kuliko kawaida, akamuulizia watoto, akamuulizia soko. Mama Bata alijibu yote kwa adabu huku akitazama nyuma ya Kokoto.

Bata watatu walikuwa wameingia majini, lakini hawakuelea. Walizama mpaka shingoni, wakawa wanapiga mabawa kama watu waliotumbukia mtoni, macho yamewatoka kwa mshangao. Sabuni ilikuwa imeondoa mafuta ya dizeli, ikaondoa pia mafuta yao wenyewe yanayozuia maji kuingia manyoyani.

Mama Bata akaingia bwawani na nguo zake, akawatoa mmoja mmoja. Akamnusa wa mwisho.

"Wananukia ndimu," alisema taratibu. "Nani kawaogesha bata wangu?"

Hakupiga kelele wala hakutukana. Aliketi kwenye jiwe, amempakata bata anayetetemeka, akampangusa kwa kanga yake. Kokoto alikuwa na uongo wa kutosha kwa mkaguzi, kwa daktari na kwa mkewe. Kwa mwanamke yule akakosa hata mmoja.

"Ni mimi, mama," alisema. "Mafuta yalitoka kwangu."

Akageuka. Shemeji yake alikuwa amesimama kwenye uzio, mkoba begani. Hakutabasamu, na hilo likamtisha zaidi.

Alianza kazi palepale. Alisimamisha kijiko, akakataza kumwaga mchanga zaidi, akawaagiza wajenge tuta la udongo kuzunguka shimo lote, akamwomba Mama Bata asiteke maji kisimani mpaka yapimwe. Kisha akamvuta Kokoto kando.

"Yametoka saa ngapi?"

"Muda si mrefu."

"Shemeji. Kampuni ilitakiwa kuambiwa mara moja. Nikiandika uongo, bima inakufa, na huyu mama halipwi. Mficha uchi hazai. Sasa nampigia mkadiriaji wa hasara, na utamwambia mwenyewe."

Akaiweka simu juu ya rundo la matofali, sauti wazi. Mafundi wakajifanya wanafagia. Kokoto akaeleza kuhusu tangi, mchanga, mtaro. Mkadiriaji alikuwa na sauti kavu ya mtu aliyesikia kila kitu duniani.

"Baada ya hapo mlifanya nini?"

"Tuliwaogesha."

"Mliwaogesha akina nani?"

"Bata."

"Samahani, bwana. Mna bima, mna namba ya wakala. Kwa nini mliogesha bata?"

Kokoto alitazama matofali, akatazama mafundi ambao sasa hawakujifanya tena.

"Nilikuwa namwogopa shemeji yangu," alisema.

Msimamizi alilazimika kwenda nyuma ya lori kucheka. Hata Mama Bata, na hasira zake zote, aliinamisha uso kwenye manyoya ya bata.

Mkadiriaji alikuja mwenyewe siku hiyohiyo. Kampuni ilikubali kulipia kuondoa tangi, kuzoa udongo uliochafuka na kunyonya mafuta bwawani. Daktari wa mifugo akaletwa. Mama Bata alilipwa mayai yake kwa kipindi chote bata wake walipokaa bandani wakingoja manyoya yarudi katika hali yake. Madhara yaliyoongezwa na mchanga na sabuni, kampuni ilisema, ni ya Kokoto mwenyewe, naye hakubisha. Bata mmoja mzee hakupona. Kokoto alikwenda kumzika kwa koleo lake, na Mama Bata akamwonyesha mahali.

Baadaye kukawa na mkutano wa wakandarasi ukumbini, na wenzake wakataka kusikia. Kokoto akasimama, akatoa sauti yake ya ng'ambo ya barabara.

"Jamani, mkandarasi lazima aone mbali. Mimi niliona mbali. Nikasema, lazima nikate bima ya uchafuzi."

Shemeji yake alikuwa ameketi mstari wa nyuma, amealikwa kama wakala. Alikunywa chai yake.

"Endelea, shemeji," alisema. "Hujafika kwenye bata."

Ukumbi ukageuka. Kokoto alisimama kidogo akipumua kwa mdomo, kisha akakoma kupumua hivyo, akavuta kiti na kuketi. Akawasimulia yote, tangu meza ya wakwe hadi simu juu ya matofali, na hakujipunguzia hata chembe. Watu walicheka mpaka wengine wakatoka nje. Alipomaliza, wakandarasi waliozoea kumkimbia yule dada walikuwa wamemzunguka wakiuliza maswali, na yeye akawajibu mmoja mmoja kwa upole, na kila aliyemshika hakumwachia.

"Na hao bata?" mtu akamuuliza Kokoto mlangoni. "Wanaelea siku hizi?"

"Wanaelea vizuri," alisema. "Ila wakiniona, wanatoka majini."